Benchi la Dukani Tulilowaachia Watoto

Mhadhara kwa wakazi wa mtaa, Mbagala, Dar es Salaam

Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, wajumbe, wazee wangu, kina mama, na nyie wanangu mliosimama kule nyuma ukutani: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wanaojazana pale dukani kila jioni. Malalamiko nimeyasikia na sitayapunguza. Mama mmoja amesema hapa kwamba siku hizi hamtumi bintiye unga baada ya magharibi, maana anaitwa majina, na juzi ameshikwa mkono. Hilo halina utetezi. Aliyelifanya anajulikana, mzazi wake aitwe, na mama akitaka kwenda dawati la jinsia pale polisi, mimi nitamsindikiza.

Ila Jumatatu nilikwenda mwenyewe nikakaa pale saa nzima. Kijana mmoja aliinuka kwenye kreti la soda, akasema, "Shikamoo Mwalimu, kaa hapa." Nikakaa. Walikuwa kumi na wanne. Mbele yetu mtoto wa miaka kama kumi na miwili alikuja na noti ya elfu tano, ametumwa sukari. Akapewa sukari na chenji. Hakugeuka kurudi nyumbani. Alikwenda kwenye ile mashine ya kamari iliyoegemezwa ukutani, akatumbukiza shilingi 200, taa zikazunguka. Akatumbukiza nyingine. Wakubwa wakamzunguka wakimshangilia. Sarafu zilipokwisha alitazama kiganja chake, kisha akatazama barabara ya kwao, na sikuona haraka yoyote kwenye miguu yake. Jamani, mtoto yule atamwambia nini mama yake? Uongo wa kwanza anaufundishwa pale, na wizi wa kwanza haukai mbali.

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Kwa hiyo tusianze na vijana, tuanze na mashine. Mwenye duka ni jirani yetu, na nimemwambia ana kwa ana kabla ya kuja hapa: hawezi kulalamika kwamba watoto wanajazana kibarazani kwake huku sarafu zao anazipokea. Mashine iondoke.

Wapo waliosema tuite gari la polisi likusanye wote. Naielewa hofu hiyo. Mwaka 2022 jiji hili lilitikiswa na Panya Road, yale magenge ya vijana wahalifu, na wapo hapa waliolala macho wakisikiliza mlango. Lakini gari likija litabeba kumi na wanne, na yule aliyenipisha kiti atakuwemo.

Wenzetu wa Uingereza nao walihangaika na jambo hilihili. Mwaka 2005, katika mji wa Barry huko Wales, dukani kulifungwa kifaa kiitwacho Mosquito, yaani mbu. Kinatoa mlio mwembamba sana ambao masikio ya vijana huusikia na ya watu wazima kwa kawaida hayausikii, kwa sababu umri huanza kutunyang'anya sauti za juu mapema. Vijana wakawa wanakimbia. Muda si mrefu, vijana wakauchukua mlio wa namna hiyo wakaufanya mwito wa simu, simu zinalia darasani na mwalimu hasikii! Mwaka 2010 Bunge la Baraza la Ulaya likataka vifaa hivyo vipigwe marufuku mahali pa umma. Mimi kilichonigusa ni kitu kimoja: mtoto anaumizwa masikio, na mzee aliyesimama palepale hana habari.

Sisi je, tuna habari? Wa darasa la saba akiweka kalamu chini Septemba, hana shule mpaka Januari. Wa kidato cha nne anamaliza Novemba, na kidato cha tano ni Julai. Miezi yote hiyo anakaa wapi? Kiwanja walichochezea kaka zao kina nyumba sasa. Mikopo ya halmashauri ya vijana inaanzia miaka 18. Wa miaka kumi na sita amebakiwa na taa ya dukani.

Na lile benchi, wazee wenzangu, lilikuwa letu. Mimi nimecheza bao pale miaka mingi. Msichana akipita na unga wake, nani angemgusa mbele ya wazee watano? Tukaingia ndani mmoja mmoja, huyu na televisheni, yule na miguu inayouma, benchi likabaki tupu wakalikalia.

Kesho saa kumi na mbili jioni nitakuwepo pale. Bao ninalo, kete zote 64 zipo, nimezihesabu asubuhi. Natafuta wa kucheza naye. Na wewe mwanangu uliyenipa kiti Jumatatu, nakuona hapo ukutani, njoo nikufundishe kutakata, yaani kuzitembeza kete bila kula za mwenzako.