Bolivia niliendaje, na kwa hela za nani? Leo nawajibu

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Leo sizunguki. Tangu niweke picha za makanisa ya Chiquitos, eneo la mashariki mwa Bolivia, kila nikifungua simu nakuta swali lilelile: "Dada, hela za kwenda Bolivia kuangalia makanisa umetoa wapi, na huku nyumbani hali ni ngumu?" Wengine mmesema natanua. Naomba mnisikilize kwanza.

Sikupanda ndege. Naishi São Paulo, Brazil, nilipanda basi mpaka Corumbá, mji wa mpakani, mchana na usiku, nikavuka mpaka kuingia Puerto Quijarro, upande wa Bolivia. Nilidunduliza miezi minane. Na kilichoniuma si maneno yenu, ni ndugu yangu wa tumbo moja kuandika kwenye kundi la familia kwamba nimesahau nyumbani, wakati ada ya mwanawe muhula ule nililipa mimi. Nimelitoa moyoni, basi.

Makaratasi ndiyo yaliyonitoa machozi. Visa peke yake wiki sita: taarifa ya benki, uthibitisho wa malazi, ratiba ya safari. Halafu pale mpakani afisa mmoja akashika kadi yangu ya homa ya manjano, nilichanjwa Dar mwaka 2012, imeandikwa miaka kumi. Akasema imekwisha muda. Nikamweleza kwamba tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo moja ni ya maisha, hata kwa kadi za zamani. Nikawekwa pembeni saa mbili na nusu, wenzangu wote wa basi wanapita. Siku hizi natembea na karatasi ya kanuni hiyo nimeichapisha.

Na pesa: nilikwenda 2024, dola zilikuwa adimu Bolivia. Kadi ilikatwa kwa kiwango cha serikali, karibu boliviano 7 kwa dola, wakati mwenye noti mkononi mtaani alipata zaidi. Mimi nilikuwa na kadi tu. Nilipata hasara, lakini hayo ni yangu, hali ya mwenzangu inaweza kuwa tofauti kabisa.

Sasa kwa nini makanisa? Mimi nimekulia Ndanda, kwenye kwaya ya misheni. Nilipojua habari za Chiquitos sikulala. Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, walianzisha mji wa misheni wa San Javier mwaka 1691, miji mingine ikafuata. Padri Martin Schmid kutoka Uswisi alijenga makanisa na kufundisha watu kuunda vinanda na fidla. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania akawafukuza Wajesuiti wote. Mngedhani muziki ulikufa siku ile. Wachiquitano wenyewe, wenyeji wa huko, wakaendelea kuuimba na kunakili nota kwa mkono, kizazi kwa kizazi, hawana tena Wajesuiti wa kuwasimamia. Miaka ya 1970, msanifu majengo Hans Roth alipokuwa anakarabati makanisa, zikakutwa kurasa za nota kwa maelfu huko San Rafael na Santa Ana. Leo zimehifadhiwa Concepción, mji mwingine wa misheni hizo, kurasa zaidi ya 5,000. Mtu akiniambia ule ni muziki wa wazungu tu, mimi nakataa. Aliyeutunza ndiye mwenyewe.

Pale Concepción niliweka kiganja kwenye nguzo ya kanisa. Ni gogo zima la mti, limechongwa likajisokota kama kamba kutoka chini mpaka juu. Santa Ana ukutani kuna ulanga, yale madini yanayometa, jua la asubuhi likiingia ukuta wote unawaka. UNESCO imeorodhesha makanisa sita tangu 1990. Ukiwa na siku chache, kwa maoni yangu, acha mengine, nenda Santa Ana. Kutoka San José kwenda huko nilikula vumbi jekundu mpaka kope zikabadilika rangi.

Sisemi uuze shamba uende. Kila mtu na mfuko wake, na kila pasipoti ina mateso yake.

Jioni yangu ya mwisho, watoto walikuwa wanafanya mazoezi kando ya kanisa. Binti wa kama miaka tisa, ndala miguuni, alikuwa anakaza waya wa fidla, anasikiliza, anakaza tena. Mwalimu akahesabu. Nikazima kamera. Ndiyo maana kipande kile hamkukiona.