"Run" Si Kukimbia Tu: Namna ya Kuitafsiri Bila Kubahatisha

Karibuni tena darasani. Chukua daftari na kalamu. Leo tuna neno moja tu, la herufi tatu: "run".

Andika sentensi hii: "She ran the school for ten years." Wanafunzi wengi huitafsiri hivi: "Aliikimbia shule kwa miaka kumi." Umeona kilichotokea? Mama wa watu ameiongoza shule miaka kumi, sisi tumemgeuza mtoro. Kosa hili linaniuma, kwa sababu mwanafunzi anakuwa ameelewa kila neno isipokuwa hilo moja.

Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya neno hili, walihesabu maana 645 za kitenzi peke yake. Kazi hiyo ilimchukua mhariri Peter Gilliver miezi tisa. Kwa hiyo usijaribu kuzikariri. Tutasoma majirani wa neno.

Hatua ya kwanza: zungushia "run" duara, kisha uliza nani anatenda. Akiwa mtu au mnyama, na baada ya kitenzi hakuna kinachotendwa, ni kukimbia. "The dog ran." Mbwa alikimbia. Basi, tuendelee.

Hatua ya pili: tazama kulia kwa duara. Ukikuta shamirisho, yaani kinachotendwa, achana na kukimbia, jaribu "endesha". "Run a shop", endesha duka. "Run a program", endesha programu. Rudi sasa kwenye shule yetu: aliiendesha, au aliiongoza, kwa miaka kumi.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo ninapopapenda. Kwa Kiswahili tunaendesha gari, tunaendesha kikao, na mtu akishikwa na tumbo la kuhara tunasema anaendesha. Kwa Kiingereza cha huku kwetu utasikia "running stomach", na Mwingereza naye husema "the runs". Lugha mbili zisizo na undugu, zimekutana tumboni! Na ukifikiria "piga", tunapiga simu, pasi, deki, picha, kura na magoti, wala hakuna anayeumia. Neno moja kubeba mizigo mingi hukulijua leo. Umelijua tangu utotoni.

Hatua ya tatu: je, kuna kimiminika? Pua, bomba, rangi? "My nose is running": natokwa na kamasi. "The tap is running": bomba linatoka maji. Ukifua khanga mpya ukaona maji yamebadilika rangi, Mwingereza atasema "the colours ran", sisi tunasema imechuja. Kila mahali tafuta kitenzi ambacho bibi yako angekitumia.

Hatua ya nne: kuna kijineno kinachofuata? "We ran out of sugar." Hapa geuza sentensi nzima. Kwa Kiingereza sisi ndio watendaji, kwa Kiswahili sukari inashika usukani: sukari imetuishia. "I ran into my teacher": nilikutana na mwalimu bila kutarajia. Lakini "the car ran into a wall", gari liligonga ukuta, kwa hiyo usisahau kurudi hatua ya kwanza kuangalia mtendaji. Kuhusu "for", angalia kinachofuata. Kikiwa muda, "ran for an hour", mtu alikimbia saa nzima. Kikiwa cheo, "ran for president", aligombea urais. Ndiyo maana "running mate" ni mgombea mwenza.

Sasa zamu yako. Simamisha video, andika tafsiri ya sentensi hii: "The tap was still running when we ran out of soap, so I ran to the shop my aunt runs."

Tayari? Linganisha na yangu: "Bomba lilikuwa bado linatoka maji sabuni ilipotuishia, nikakimbia hadi kwenye duka analoliendesha shangazi."