Kusaka Makasha kwa Pikipiki: Simu Ikae Wapi?

SALMA: Karibuni, wasikilizaji wetu, popote mlipo. Leo kaka Baraka nami tunazungumzia jiokashingi, yaani mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa na wengine kwa kufuata vipimo vya latitudo na longitudo, na tutautazama kwa jicho la mtu anayesafiri kwa pikipiki huku simu janja ikiwa ndicho chombo chake pekee cha kumwonyesha njia. Kwa kuwa mchezo wenyewe ulizaliwa kaskazini-magharibi mwa Marekani, safari yetu ya leo itakuwa huko huko.

BARAKA: Na ulizaliwa kwa haraka, dada Salma. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, serikali ya Marekani iliacha kupotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na makosa yaliyoweza kufikia mita 100 yakapungua mno. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, Oregon, ikiwa na vitu vidogo vidogo pamoja na daftari la kuandikia jina, kisha akatangaza vipimo vyake mtandaoni.

SALMA: Siku hizi mahali hapo pana bamba la kumbukumbu, na wasakaji wengi huliunganisha na vituo vingine viwili: makao makuu ya mchezo katika mtaa wa Fremont mjini Seattle, na kasha mashuhuri lililofichwa mwaka 2001 karibu na handaki la zamani la reli la Snoqualmie, katika milima ya Cascade mashariki ya Seattle. Kutoka Portland, jiji lililo karibu na Beavercreek, hadi Seattle ni takriban kilomita 280 kwa barabara kuu ya I-5, ambayo, niseme ukweli, kwa mwendesha pikipiki haina utamu wowote. Makasha ya kando ya barabara ndogo ndiyo yanayompa sababu ya kuiacha.

BARAKA: Hapo ndipo ubishi wetu unapoanzia. Wewe unataka simu ifungwe kwenye usukani, mimi naona ikae mfukoni na maelekezo yasikike kwa sauti ndani ya kofia ngumu. Mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitahadharisha kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhoofisha kamera za simu zake, na kamera ndiyo itakayohitajika ukifika.

SALMA: Tahadhari hiyo naijua, ndiyo maana ninasisitiza kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo. Hata hivyo, kwenye njia panda zilizokaribiana, sauti peke yake humchanganya mtu, ilhali kutupia ramani jicho mara moja kunatosha.

BARAKA: Jicho la mara moja nakubali. Nisichokikubali ni kuendesha huku mshale wa programu ya makasha ukiwa mbele yako. Mshale huo hupima umbali kwa mstari mnyoofu, haujui barabara wala mto, kwa hiyo unaweza kukuambia kwamba zimebaki mita 400 ilhali kati yako na kasha lipo korongo ambalo daraja lake uliliacha nyuma zamani. Mtu akianza kuufuata huo, macho yote huhamia kwenye kioo.

SALMA: Katika hilo sina pingamizi: simu inafanya kazi mbili tofauti, na kila moja ina wakati wake. Barabarani itumike programu ya ramani za magari, tena iongoze hadi mahali pa kuegesha, maana wafichaji wengi huandika vipimo vya maegesho kando na vya kasha. Mshale ufunguliwe injini ikiwa imezimwa na stendi imekanyaga ardhi ngumu. Penye udongo laini, weka kibao bapa chini ya stendi kabla hujageuza mgongo.

BARAKA: Ramani na maelezo ya makasha yapakuliwe nyumbani, kwani mtandao wa simu katika milima ya Cascade hupotea bila kuaga. Tena tazama daraja la ugumu wa eneo, linaloanzia 1 hadi 5. Aliyevaa buti na koti zito la pikipiki asijidanganye na daraja la 4. Mimi nisingepita 2, labda 2 na nusu siku ya baridi.

SALMA: Usahihi nao una kikomo. Sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo (dakika ni sehemu ya 60 ya digrii), ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho katika vipimo vya kasha, ni kama mita 1.85, lakini simu ya kawaida mahali peupe hukosea kwa mita 5 hivi, na chini ya misonobari mirefu hukosea zaidi. Ukishaufikia umbali huo, iweke simu mfukoni utazame kisiki, jiwe lisilokaa kama mengine, au nyuma ya kingo za chuma za barabara ambako vikopo vya sumaku hubandikwa.

BARAKA: Na uivue kofia ngumu kwanza! Mtu aliyefunika uso akipapasa kingo za barabara huwatia wapita njia wasiwasi usio na sababu.

SALMA: Tumalizie na Snoqualmie. Pikipiki huachwa Hyak, kando ya barabara kuu ya I-90, ambako maegesho yanahitaji kibali, kisha watu hutembea kwa miguu ndani ya handaki lenye urefu wa takriban kilomita 3.7, kwani vyombo vya moto haviruhusiwi humo.

BARAKA: Ndani ni giza totoro na baridi, kwa hiyo beba tochi ya kichwani. Ukitegemea taa ya simu, betri itakwisha kabla hujalifikia kasha, nawe bado una njia yote ya kurudi. Handaki hufungwa majira ya baridi, basi thibitisha tarehe za kufunguliwa kabla ya kujaza tangi.