Wale Wanne Mmewaacha Ndani

Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya walimu wa Kiswahili, wanafunzi na vijana watengenezaji wa filamu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mtwara kuchele!

Nimeombwa niseme juu ya riwaya inayopendwa inapogeuzwa filamu, hasa riwaya ya mambo ya ajabu, na juu ya manung'uniko ya watazamaji. Naomba nianze na mzee mmoja mvuvi.

Miaka ile nikifundisha sekondari, wanafunzi wangu waliigiza Kusadikika ya Shaaban Robert uwanjani, chini ya mkorosho. Kitabu mnakijua. Kilitoka mwaka 1951, na nchi yake iko angani. Karama ameshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja akatiwa gerezani. Sisi tulikuwa na saa moja tu kabla ya magharibi. Safari sita haziingii katika saa moja. Nikakata nne. Nikambakiza Buruhani wa mashariki, na yule wa mbinguni kwa sababu tulikuwa na mashuka meupe ya kutosha kutengenezea mawingu.

Igizo lilikwenda vizuri. Karama akashinda kesi, gereza likafunguliwa, wajumbe wawili wakatoka, watu wakashangilia. Mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, alikaa babu wa mwanafunzi mmoja. Hakupiga makofi. Watu walipotawanyika alinijia ameinua vidole, vitano vya mkono wa kulia na kimoja cha kushoto. "Mwalimu," akasema, "mwanzo mlitwambia wajumbe sita. Wale wanne mbona mmewaacha ndani?"

Mzee yule hakuwahi kukisoma kitabu. Mimi nilikuwa nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuliona lile.

Tunazoea kusema kwamba wanaolalamikia filamu ni wasomaji, kwa kuwa ndio wanaojua kilichoachwa, na kwamba asiyesoma hana cha kulinganisha. Mimi tangu siku ile sikubali. Mtazamaji analo la kulinganisha: ahadi aliyopewa mwanzoni. Ukimtajia wajumbe sita, umemkabidhi watu sita, na atawadai.

Sasa twende mbali kidogo. Mfano ambao dunia nzima imebishana juu yake ni The Lord of the Rings, riwaya ya Mwingereza J.R.R. Tolkien iliyotoka kwa sehemu tatu, mwaka 1954 na 1955. Humo Frodo, mmoja wa jamii ya watu wadogo, amebebeshwa pete ya uovu inayomtia tamaa kila mtu, akaiangamize. Peter Jackson aliipiga filamu kwao New Zealand, nazo zikatoka mwaka 2001, 2002 na 2003. Ya tatu ilizoa tuzo 11 za Oscar. Hata hivyo wapenzi wa kitabu hawajanyamaza hadi leo. Wapo wanaomlilia Tom Bombadil, mzee wa msituni anayeimba, ambaye pete haimwezi kabisa, filamu haimtaji. Wapo wanaouliza kwa nini binti Arwen ndiye aliyempeleka Frodo aliyejeruhiwa hadi mtoni, wakati kitabuni kazi hiyo haikuwa yake. Wapo waliokasirika kwamba kurudi nyumbani kumefupishwa: kitabuni wale wadogo wanakuta kijiji chao kimevamiwa na wanapigana kukikomboa, kwenye filamu wanakuta kila kitu kama walivyokiacha.

Mimi mwenyewe nina kidonda kimoja tu, nacho ni Faramir, jemadari anayemkamata Frodo njiani.

Filamu ya pili niliitazama kwenye banda la video, siku nyingi zimepita, watu tumebanana kwenye mabenchi, feni moja, imetafsiriwa na dijei. Nyinyi mnaokumbuka sauti ya Lufufu mnaelewa nasema nini: dijei hatafsiri maneno tu, anasimulia upya. Huyu wetu aliiita pete "pete ya majini", na banda zima likaelewa papo hapo jambo ambalo kitabu kinalijenga kwa kurasa nyingi. Hakuna aliyeuliza kwa nini kitu kidogo vile kinatia watu wazimu. Kwetu sisi pete yenye jini haihitaji maelezo. Nasema bila kusita kwamba yule dijei naye alikuwa mhariri wa Tolkien, na kwa neno lile alifanya kazi nzuri.

Basi akatokea Faramir. Kitabuni, akishajua Frodo amebeba nini, anasema hata angeikuta njiani asingeiokota, na anamwacha aende zake. Kwenye filamu anaamua kumpelekea baba yake ile pete, anamburuta Frodo hadi mji wa Osgiliath, ndipo moyo unamgeuka. Banda likazizima kwa hasira: "Msaliti huyu!" Alipomwachia, wakashangilia kama bao limeingia. Mimi nilikaa nimenuna. Kijana jirani yangu akauliza kulikoni, nikamweleza. Akafikiri, kisha akanijibu: "Mwalimu, huyu alishikwa na tamaa akaishinda. Wa kwenye kitabu chako hakujaribiwa."

Jibu lile ni zito. Watengenezaji wenyewe walijitetea karibu hivyohivyo: filamu nzima imetuambia pete haikataliki, sasa mtu aikatae kwa sentensi moja, watazamaji wataendelea kuiogopa? Nawaelewa. Lakini bado nasema walikosea. Boromir, kaka yake Faramir, alishindwa na pete. Msomaji anamkuta mdogo mtu akiwa na hofu: damu ileile, nyumba ileile. Halafu anakuta mtu aliyekwisha kuamua yeye ni nani kabla jaribu halijamfikia. Watu wa namna hiyo wapo. Mama yangu aliuza korosho miaka yote bila kugusa mzani, wala sikumwona hata siku moja akipigana na nafsi yake juu ya hilo. Filamu iliwaondoa watu wa aina yake ikadhani imeondoa tukio tu.

Ndugu zetu wachongaji wa Kimakonde waliomo humu wananielewa vizuri zaidi. Gogo la mpingo lina sehemu nyeupe chini ya gome, na ndani mna kiini cheusi. Mchongaji anaanza na tezo, nyeupe inaruka chini, na hakuna mnunuzi anayeililia. Wakati mwingine anaiacha kidogo kwenye kitako, pambo tu. Ila akiufikia weusi anabadilisha kifaa, anashika patasi, mkono unapungua kasi. Tolkien mwaka 1958 alisoma mpango wa filamu ya kitabu chake, akaandika kwamba filamu mbovu huharibikia hapo hasa: kutia chumvi na kuingiza yasiyohusika kwa kutotambua kiini kiko wapi. Na juu ya kukata, alichokililia ni kwamba wamekata sehemu zinazokipa kitabu ladha yake.

Kuongeza kuna hatari yake pia. The Hobbit, kitabu kimoja cha watoto cha Tolkien huyohuyo cha mwaka 1937, kilitolewa filamu tatu kati ya 2012 na 2014. Watazamaji wengi walisema mchuzi umezidi maji, na nakubaliana nao.

Kuna kijana kaniuliza mlangoni: Kusadikika tutaipigaje filamu, bajeti ya kuonyesha nchi iliyo angani tutaitoa wapi? Mwanangu, umekwenda kutazama mapiko? Mtu kavaa kinyago cha mti usoni na nguo mwilini, anacheza uwanjani mchana kweupe, ngoma zinalia, na watu wazima wanarudi nyuma akiwasogelea. Hakuna kompyuta pale. Kuna mchezaji aliyejua kinyago chake ni nani, shingo yake, mabega yake, anavyosimama ghafla. Shaaban Robert mwenyewe hakujishughulisha sana na kueleza anga ya Kusadikika inafananaje. Alijishughulisha na mahakama: mtu mmoja amesimama, waziri anamkodolea macho, mfalme anasikiliza. Hiyo inapigwa filamu hata katika ukumbi huu, kwa taa mbili. Hapo ndipo weusi wa mpingo ulipo, nami ningependa kuiona kazi hiyo ikifanywa na vijana wa Mtwara na Lindi nikiwa hai.

Yule mzee hamjauliza nilimfanyia nini. Mwaka uliofuata tuliigiza tena, saa ileile moja, safari zilezile mbili. Lakini gereza lilipofunguliwa walitoka sita. Wale wanne hawakuwa na neno hata moja la kusema. Walitoka wakikinga macho kwa jua, mmoja akichechemea, wakasimama mbele ya watu, basi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Nilimwona akiwahesabu kwa vidole, na alipofika wa sita akateremsha mikono, akaanza kupiga makofi kabla ya wengine.