Chemko: wanajuaje pa kukata?

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Rehema, niko na kaka yangu Shabani, ambaye kabla ya kukaa mbele ya maikrofoni alipiga gitaa la rizimu miaka mingi kwenye bendi za hapa Dar. Kaka Shabani, shikamoo.

SHABANI: Marahaba, dada. Za tangu juzi?

REHEMA: Nzuri, ila nina swali limenikaa kooni tangu Jumamosi. Nilikuwa ukumbini. Waimbaji wakamaliza beti zao, muziki ukachanganya, mpiga solo akaanza kucharaza vitu ambavyo kwenye rekodi havimo kabisa. Dakika saba, nane, watu wanacheza tu. Halafu wote kwa pamoja, magitaa, besi, drams, matarumbeta, wakakata. Pa! Sikuona mtu akihesabu, sikuona karatasi. Walijuaje?

SHABANI: Hapo muziki ulipochanganya ndipo tunapopaita chemko. Wakongo wanasema sebene. Na chemko, ukilivua nguo zote, ni mzunguko mfupi sana. Kordi tatu, nne, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi. Kazi ya rizimu ni kuuzungusha huo mzunguko usiku kucha bila kuuchafua. Sekondi solo, yaani mpiga gitaa mwingine, anapita katikati yake, anajaza pale rizimu anapoacha nafasi. Sasa mpiga solo ana sakafu. Anaweza kuruka anavyotaka kwa sababu anajua akishuka ataikuta palepale.

REHEMA: Kwa hiyo anayebuni ni mmoja tu, wengine wamekaa kama mashine?

SHABANI: Hapana, hapana. Nilidhani hivyo mimi mwenyewe nilipokuwa kijana, na kuna usiku mmoja nililipia. Ukumbi umejaa, solo anawaka, nikaona na mimi nionekane. Nikaanza kuweka mapambo yangu, nikachelewesha kordi moja hivi, nikafupisha nyingine. Mpiga solo alikuwa mbali huko juu, aliporudi akakuta sakafu imehamishwa. Besi akanifuata mimi. Drams akamfuata solo. Kwa nusu dakika tulikuwa bendi mbili jukwaa moja.

REHEMA: Watu waligundua?

SHABANI: Miguu yao iligundua. Wachezaji walisimama, wakawa wanatutazama. Kiongozi wetu wa bendi hakunikemea. Alikuja akasimama mbele yangu, akaanza kupiga mguu wake chini pale mzunguko unapoanza. Pale tu. Nikaacha mapambo yote, nikamtazama kiatu. Mzunguko wa tatu tukawa tumerudi. Sijasahau kile kiatu mpaka leo.

REHEMA: Basi turudi kwenye kukata. Walijuaje?

SHABANI: Mpiga solo ana vipande vyake. Vingine anavizua palepale, vingine wenzake wanavijua kama wanavyojua mlio wa mlango wa nyumbani. Akizua kitu kipya na akakirudia mara mbili, matarumbeta wanaelewa amekipenda, mara ya tatu wanakidaka nao. Hakuna aliyewaambia. Akitaka kutoka, anakwenda kwenye kipande cha kutokea, kile ambacho bendi nzima inakijua. Drams akikisikia anaviringisha, na yale maviringisho ndiyo yanayomwambia kila mtu kwamba mzunguko huu ndio wa mwisho. Wewe ulisikia "pa". Sisi tulikuwa tumeshaambiwa sekunde nne nyuma.

REHEMA: Kumbe tangazo lilipita mbele ya masikio yangu!

SHABANI: Lilipita ukicheza. Na macho pia yanafanya kazi. Besi anasimama karibu na drams, anaangalia mguu wa kiki, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Kiongozi anaangalia watu: kama sakafu bado imejaa, anatikisa kichwa kidogo tu, solo anaelewa asikate, aongeze.

REHEMA: Lakini hayo yote yanataka watu waliozoeana sana.

SHABANI: Hapo ndipo ninapopenda tuwataje wazee wetu. Bendi ya NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, Sikinde, ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, wana mshahara. Mchana mazoezi, usiku kazi, wiki baada ya wiki. Mtunzi alikuja na maneno na sauti ya wimbo, halafu kila mpigaji akatafuta sehemu yake mwenyewe, wenzake wanasikiliza, wanamwambia hiyo hapana, hiyo acha hivyohivyo. Pale Mlimani Park alikuwepo King Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz, mtu aliyefundisha vijana wengi. Wimbo ulipofika Radio Tanzania kurekodiwa, walipiga wote kwa pamoja, chumba kimoja. Ukisikia chemko la zile rekodi unasikia watu waliokwisha kupigizana miezi.

REHEMA: Siku hizi kila mmoja anarekodi kwake, anatuma faili.

SHABANI: Faili linakuja limenyooka, safi, lakini halikujibu. Na hata ukijaribu kupiga pamoja kupitia intaneti unakutana na tatizo la muda. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita kumi kutoka kwako, unamsikia kwa kuchelewa sehemu thelathini hivi za elfu moja ya sekunde. Ni kidogo sana, lakini mwili unaihisi. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, wimbo unazidi kuwa mzito, unapoa. Ndiyo maana sisi tulibanana jukwaani hata pakiwa na nafasi. Mtandao mara nyingi unachelewesha zaidi ya hapo.

REHEMA: Kwenye taarabu je? Maana bibi yangu wa Unguja hatanisamehe nisipouliza.

SHABANI: Taarabu wana taksimu. Mmoja, tuseme wa ganuni au udi, vyombo vya nyuzi, anabuni peke yake ndani ya makamu, yaani mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, wengine wananyamaza au wanashikilia sauti moja chini yake. Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja, wapo tangu 1905. Pale anayebuni ana nafasi yote, na wenzake wanangoja ile sentensi ya kurudi nyumbani. Ni adabu nyingine, naipenda, lakini kinachonisisimua zaidi ni watu kufumana. Nenda Buganda, kule Uganda, ukaone amadinda, marimba yao ya mbao. Mbao kumi na mbili, watu watatu. Wawili wanakaa wakitazamana, mmoja anapiga, mwenzake anapiga katikati ya mapigo yake. Wa tatu ana mbao mbili tu za mwisho. Na kila mmoja kati ya wale wawili anahisi yeye ndiye aliye juu ya mdundo, mwenzake ndiye aliye katikati.

REHEMA: Wote wawili? Haiwezekani.

SHABANI: Weka mkono mezani. Piga taratibu, usibadilishe.

[Rehema anapiga meza.]

SHABANI: Sasa naingia katikati yako.

[Wanapiga wote. Mapigo yanagongana, yanasimama.]

REHEMA: Umenipoteza! Nilianza kukufuata.

SHABANI: Ulinisikiliza ukajiacha. Nisikilize huku ukijishika. Tena.

[Wanapiga. Mapigo yanafumana.]

REHEMA: Eh! Kaka, inakwenda haraka kuliko mkono wangu.

SHABANI: Huo ndio wimbo wetu wawili. Sasa mimi naanza kucheza nao kidogo, wewe kaa hapohapo. Usinitazame mkono.

REHEMA: Sikutazami. Nenda.