Hewa Kwanza, Weusi Baadaye: Mazungumzo na Waendesha Baiskeli wa Mombasa Kabla ya Safari ya Malindi

Assalam alaykum, na hamjambo nyote. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa fundi wa miwani atakayewaambia mnunue miwani gani. Sitataja chapa hata moja. Wanaonijua wanajua nitakachosema, na wapo pale nyuma walioanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nitasema tena: kwa mtu wa pwani, miwani ya baiskeli huchaguliwa kwa hewa kwanza. Weusi wake, rangi yake, jina lililoandikwa ubavuni, hayo yana zamu yake.

Kila Agosti ikikaribia watu huja dukani, wakaivaa miwani mbele ya kioo, wakageuza shingo kulia na kushoto, wakaniuliza, "Fundi, imenikaa?" Imekukaa, bwana. Lakini hapa kuna feni na wewe umesimama. Mimi nataka kujua itakukaaje ukishapita Mtwapa umelowa chapachapa.

Hebu tufanye hesabu. Agosti upepo wa kusi, utokao kusini, unavuma. Ukishika njia ya Malindi, kilomita kama 120, upepo uko mgongoni na kila mtu anajiona bingwa. Tuseme unakwenda kilomita 25 kwa saa, na upepo unakusukuma kwa kilomita 20. Usoni unabaki na upepo wa kilomita tano tu. Huo ni upepo wa mtu anayetembea kwenda dukani kununua mkate, na wewe unatoa jasho la kazi ya shamba. Ndiyo maana wengi husema miwani yao haikuwa na ukungu wakati wa kurudi, ikawa nao wakati wa kwenda. Miwani ni ile ile. Upepo umegeuka.

Ukungu wenyewe hauna uchawi. Ngozi yenye jasho hujaza unyevu kile kijinafasi kati ya uso na kioo. Hewa ile ina joto la mwili. Kioo, kwa kuwa nje kinapigwa na upepo, kina joto dogo zaidi. Hewa ya moto yenye maji ikikigusa, maji yanaganda juu yake matone madogo madogo, nawe huoni shimo lililo mbele yako. Rafiki zangu wa Nairobi huniambia hata wao hupata ukungu asubuhi ya Julai. Sawa, lakini wao jua likipanda, hewa inayoingia ni kavu, inaukausha. Hapa kwetu hewa inayoingia imeshalowa tangu baharini. Haina nafasi ya kubeba maji yako. Dawa pekee ni hewa hiyo isitulie, ipite, itoke, iingie nyingine.

Kuna kijana wa klabu hii, jina lake silitaji kwa kuwa yupo humu na amevaa fulana ya buluu. Alinunua miwani mikubwa, kioo kimoja kizima, na juu kina utepe wa sponji unaobana paji la uso. Alipendeza, sikatai. Kufika Kikambala akaanza kupangusa kwa kidole cha glavu. Kufika Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge, akaona bora aivue, akaichomeka kwenye matundu ya helmeti. Akaendelea hivyo hadi pembeni mwa msitu wa Arabuko Sokoke, na pale mdudu akamwingia jichoni. Aliingia Gede analia jicho moja, miwani ya thamani kubwa ikiwa imekaa kichwani inaota jua.

Ndiyo maana nang'ang'ania hewa. Miwani ikishindwa na fukuto huvuliwa, na ikishavuliwa haikingi jua, wala vumbi la lori, wala mdudu. Jicho halihitaji muda mrefu kuumia. Mwendesha baiskeli Biniam Girmay wa Eritrea, Mei 2022, alishinda hatua ya 10 ya Giro d'Italia, zile mbio kubwa za Italia, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano yale. Mbio zote hazikumwumiza. Akapanda jukwaani macho wazi, akafungua chupa ya kusherehekea, kizibo kikamruka kikampiga jicho la kushoto. Kesho yake hakuanza.

Basi jaribuni hivi dukani. Vaa miwani pamoja na helmeti yako, uibebe, usione haya. Inama kama umeshika usukani. Cheka. Shavu likigusa kioo, irudishe. Kope zikigusa, irudishe. Juu, kati ya nyusi na kioo, ncha ya kidole chako kidogo ipite. Ukipata yenye vitundu vya hewa pembeni, au isiyo na fremu chini, vizuri, jasho litapata pa kutokea. Kisha panda ngazi za jengo mara tatu ukiwa nayo usoni. Muuza duka akikukataza, unajua anachokuficha.

Hapo najua mtu ataniuliza: fundi, ukiacha mianya, jua si litaingia? Acha mianya juu na chini, usiiache ubavuni. Ubavuni kioo kipinde kikufuate. Tena angalieni njia yetu. Asubuhi tunakwenda kaskazini, jua liko mkono wa kulia. Jioni tunarudi kusini, jua limehamia magharibi, nako ni mkono wa kulia. Jicho la kulia linachomwa kwenda na kurudi! Na wataalamu wanaona kwamba mwanga unaoingia kutoka upande wa sikio hupindwa na jicho lenyewe ukakusanyika upande wa pua, ndipo kile kinyama cheupe cha juu ya jicho kinapopenda kuota. Watazameni wavuvi wetu wazee machoni, mtakiona.

Mwingine ataniambia habari ya kutema mate kwenye kioo, kama wapiga mbizi. Inafanya kazi, hata povu la sabuni kidogo linafanya kazi: maji yanatandazika badala ya kuwa matone. Lakini miwani ya mbizi haidondokewi na jasho la nyusi kutwa nzima. Yetu husafishwa na jasho lile lile, na sabuni ikakuishia jichoni. Ile dawa ya kiwandani ya kuzuia ukungu ni nzuri, mradi usiipanguse kwa jezi. Jezi ina chumvi. Mwagia maji ya chupa kwanza, ndipo ufute.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbio mbio.

Weusi si kinga. Kioo cheusi kisichochuja mionzi ya jua isiyoonekana hufanya mboni ipanuke, ikakaribisha mionzi zaidi. Tafuta kinachozuia mionzi hiyo hadi nanomita 400, yaani kipimo cha urefu wa wimbi lake, na weusi wa daraja la 3, katika madaraja ya 0 hadi 4, unatosha. Daraja la 4 ni la barafu na milima mirefu, na msituni kule Sokoke utaingia kwenye kivuli usione kitu. Rangi ya kahawia huonyesha mashimo vizuri zaidi ndani ya vivuli vya miembe. Vioo vya kukata mng'aro wa maji vinapumzisha macho, ila vinaficha kung'aa kwa lami yenye mafuta, na vingine huzima skrini ya kipima mwendo chako. Vile vinavyojigeuza vyenyewe kuwa vyeusi, joto likizidi havigeuki sana, kwa hiyo vinavyosifiwa Ulaya hapa hubaki nusu nusu. Wenye miwani ya kusomea wanaotaka vioo viwili kimoja nyuma ya kingine, tuonane pembeni, maana ukungu wenu unapata kuta nyingi zaidi.

Nimekuja na ile taa ya zambarau, itoayo mionzi hiyo hiyo, wanayopimia noti bandia kwa mawakala wa pesa. Si mashine ya hospitali, lakini tukiimulika noti kupitia kioo chako na alama zikaendelea kuwaka, kioo hicho ni pambo. Wekeni miwani yenu mezani hapa. Walionunua kwa wachuuzi wa feri ya Likoni waanze wao, na wewe wa fulana ya buluu usijifiche nyuma ya nguzo.