Kupasha nyumba joto kwa jiko la pumba za mbao

Karibuni tena. Huku Mafinga, mwezi wa sita na wa saba baridi haina mchezo, na bei ya mkaa mnaijua wenyewe. Ila mashine za mbao ukanda huu wa msitu wa Sao Hill zinamwaga pumba mpaka zinakuwa vilima. Leo tunazitia jikoni.

Hili ni debe la bati la lita 20. Chini ubavuni nimetoboa tundu, chupa ya soda inapita bila shida. Liweke juu ya matofali.

Pumba sasa. Chota, kamata kwa nguvu kiganjani, achia. Umeona? Hizi zimebaki tonge, bado mbichi. Zianike juani, uwe unazigeuza, mpaka zipukutike zenyewe vidoleni. Pumba mbichi za paini zitakutoa machozi na joto hupati. Za nguzo zilizotiwa dawa, za mbao zenye rangi au za mbao za gundi, achana nazo kabisa. Moshi wake ni sumu.

Ingiza chupa kwenye tundu la ubavuni mpaka ifike katikati. Simamisha kipande cha bomba la plastiki kati ya debe, kiguse chupa. Mwaga pumba kina cha vidole vinne, shindilia kwa mchi. Ongeza, shindilia tena. Usizionee huruma! Zikilegea zitaporomoka, tundu litaziba na moto utakufa. Ukikaribia ukingoni, acha. Zungusha bomba taratibu huku unalivuta juu, kisha toa chupa. Chungulia kwa juu: mwanga wa tundu la chini uonekane.

Kabla ya kuwasha, funika kwa mfuniko uliounganishwa na bomba la moshi linalotokea juu ya paa. Huna bomba? Basi jiko lako libaki nje, uote moto huko huko. Washa kwa chini, karatasi na vijiti vikavu. Wengi huwasha juu, halafu wanasema jiko bovu.

Moto unakula kuanzia katikati kwenda pembeni, saa kadhaa, bila kuongeza kitu. Usichokoe. Joto likizidi, ziba nusu ya tundu la chini kwa kipande cha tofali.

Dirisha liwe wazi kidogo, na msilale jiko likiwaka, hata kama limebaki kaa tupu. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, haina rangi wala harufu. Kichwa kikianza kugonga au mtu akisikia kizunguzungu, tokeni nje wote, mengine baadaye.

Ndugu zangu wa Usangu, najua mtauliza pumba za mpunga. Zinawaka, ila hazishikani zikishindiliwa, na majivu yake ni karibu moja ya tano ya uzito. Changanyeni na za mbao, za mbao ziwe nyingi, na kabla ya kupakia upya mkung'ute debe lote, likiwa limepoa.